Kifuniko

Saa tisa kasoro usiku, Al Khuwair.
Kiyoyozi kinakoroma kama mtu aliyeshiba.
Simu ya Khusaif kutoka Birkat al-Mauz:
"Ustadha, nani kafungua maji?
Shamba la kina Mhanna limelala kavu,
na zamu ilikuwa yao, athari mbili,
saa nzima ya falaji, haki ya mayatima."

Nikamwambia ngoja, daftari la mashine halisahau.
Nikalifungua. Kweli halikusahau:

saa tano na robo, kifuniko
saa sita kasoro robo, kifuniko
saa saba, kifuniko

Usiku kucha mfereji umetawaliwa
na mtu mmoja asiyekuwepo.

Kosa ni langu, sitalipaka rangi.
Jumapili nilitaka kujua kila mbinu hula muda gani,
gawa_maji, funga_lango, hamisha_zamu,
nikazipamba zote pambo moja:
alama ile iliyojikunja kama jongoo aliyeguswa,
kisha pima_muda,
mstari mmoja juu ya kila mbinu, kama kilemba.
Nikajiona fundi.

Pambo hukipokea kitendakazi mlangoni,
hukiingiza ndani, hukivika kingine juu.
Kinachotoka ni hicho cha juu,
nacho huitika kila kinapoitwa cha ndani.
Kazi ni ileile. Maji yanakwenda.
Ila jina la kilichovikwa hubaki ndani,
na sifa zake pia,
ile zamu = 3 niliyokitundika kifuani
imezama chini ya nguo.

Nikajaribu njia ya mkato, nikaibandike upya
kupitia shamba lenyewe:
mhanna.gawa_maji.zamu = 3
Paithoni ikanikatalia kavukavu.
Na nilikuwa nalijua hilo, usingizi tu.
Mbinu iliyofungwa kwenye nafsi haina pa kutundika kitu.
Kila ukiiita huzaliwa upya:
kitendakazi na nafsi wameshikana mikono,
wakimaliza wanaachana.
Nani huvisha hirizi kupeana mkono?
Sifa huwekwa mapema, darasani,
nafsi haijafika bado.

Chai imepoa, imefanya utando.
Sijui kwa nini nikamkumbuka Thuweini wa mapokezi,
mwaka wangu wa kwanza, akipiga simu juu:
"Niteremshie yule Zinjibari."
Tukateremka watatu,
mimi, Sabaha, na Ghanima wa hesabu,
tukakutana ngazini, tukacheka
mpaka Ghanima akashika ukuta.
Kila mmoja na jina lake refu, bint fulani bin fulani,
mpaka babu wa saba.
Kila mmoja, kifuniko.

Dawa ni mstari mmoja, na unauma kwa ufupi wake.
Ndani ya pambo, juu ya kifuniko, nikaandika wraps,
nikaishikiza na mbinu ya asili.
Basi kifuniko kikavaa jina la mwenziwe,
maelezo yake, sifa zake zote, zamu na yote,
kikaacha na mlango mdogo wa nyuma
kwa atakayetaka kumwona mwenyewe.
Bado kimefunika. Ila ukikiuliza jina, hakidanganyi.

Nikampigia Khusaif.
Ya usiku huu siwezi kuyarudisha, nikamwambia,
jina lisiloandikwa halichimbuliwi.
Kuanzia sasa utajua.
Akanyamaza, nikasikia viatu vyake kwenye kokoto.
"Mitende ya jirani imekunywa," akasema,
"haitapiki."
Nikamuuliza, simuni kwako umeniandikaje?
Akaona haya kidogo.
"Kompyuta Maskati."
Andika Rayya, nikasema. Rayya bint Nasor.
Akaniuliza kwa herufi gani.

Kisha kwenye kioo, wino mweupe juu ya weusi:

saa kumi kasoro dakika sita, hamisha_zamu
saa kumi kasoro dakika tano, gawa_maji, zamu 3

Nikaizima taa, nikaacha skrini.